Nahau za Kiingereza zilizozaliwa merikebuni: zina maana gani, na ni asili zipi zilizo za kweli?

Mfasiri wa Makorora, Tanga, anauliza:

Salaam kwenu wanajukwaa. Kazi yangu ni kufasiri makala na barua za Kiingereza kwenda Kiswahili, nyingi zikihusu biashara na siasa za Uingereza, na mara kwa mara ninakwama kwenye mafungu ya maneno ambayo kila neno lake ninalijua lakini fungu zima linaninyima maana. Mwandishi mmoja anasema kwamba mazungumzo yalikwenda vyema "by and large". Mwingine anamwita waziri wake "loose cannon". Mwingine tena anaarifu kwamba makubaliano mapya yako "in the offing", na mtu akilitegemea neno "off" peke yake ataandika kwamba makubaliano hayo yamevunjika, ilhali habari yote inaonyesha kwamba yanakaribia kutiwa saini.

Nimesoma mahali pengi kwamba nahau za namna hii zilitoka kwa mabaharia wa zamani, na ndiyo sababu nimeleta swali langu hapa, penye watu wengi wa mwambao. Je, nahau kama "taken aback", "three sheets to the wind", "the bitter end" na "between the devil and the deep blue sea" zilikuwa zikieleza nini hasa chomboni kabla hazijaingia katika mazungumzo ya watu wa nchi kavu? Na masimulizi yanayosambazwa mtandaoni kuhusu asili zake yanaaminika kwa kiasi gani? Tafadhali, anayejibu asinipe orodha ya maana tupu, kwa kuwa orodha hizo ninazo na hazinifai pale ninapotakiwa kuchagua neno la Kiswahili. Ningependa kuelezwa jambo lenyewe lililokuwa likitendeka.

Mwana wa Nahodha, Unguja, anajibu:

Dada yangu, swali lako ni zuri na linastahili kujibiwa kwa utulivu. Uingereza ni kisiwa, na kwa karne kadhaa vita vyake, biashara yake na riziki ya watu wake wengi vilitegemea merikebu za matanga. Baharia aliyerudi nyumbani alirudi na lugha ya kazini kwake, jamaa na majirani wakaizoea, na merikebu zenyewe zilipotoweka maneno yalibaki vinywani mwa watu. Mwingereza wa leo huyatamka bila kujua ni kamba gani inayotajwa, kwa hiyo mtu wa mwambao anayejua joshi (upande unakotoka upepo), demani (kamba ya tanga) na amari (kamba ya nanga) huenda akaielewa picha iliyomo ndani yake upesi kuliko mwenye lugha.

Tuanze na "by and large", maana ndiyo inayowapotosha wengi kwa sababu haina neno hata moja linalonukia bahari. Merikebu iliyokwenda "by the wind" ilikuwa ikipanda joshi, yaani imeelekezwa karibu kabisa na upande unakotoka upepo, na huo ni mwendo mgumu unaotaka msukani aliye macho wakati wote. Iliyokwenda "large" ilikuwa imelegeza demani na kuupokea upepo kutoka nyuma ya ubavu, ambako mwendo ni mwepesi. Chombo kilichosifiwa kwamba kinakwenda vizuri "by and large" kilikuwa chombo cha kutegemewa katika hali zote mbili. Samuel Sturmy, baharia Mwingereza, aliyatumia maneno hayo katika kitabu chake cha unahodha cha mwaka 1669 alipokuwa akieleza namna ya kuendesha merikebu katika hali nzuri na mbaya ya hewa. Kutoka hapo si mbali kufika kwenye maana ya leo, ambayo ni "ukizingatia pande zote" au "kwa jumla". Ukiandika "mazungumzo kwa jumla yalikwenda vyema" umefasiri sawasawa, na msomaji ataelewa pia kwamba palikuwa na kasoro ndogondogo, kwa kuwa nahau hii daima huacha mlango kwa kasoro hizo.

"Taken aback" ni jambo ambalo kila mwenye jahazi analiogopa. Upepo ukigeuka ghafla, au msukani akizembea, tanga hupigwa na upepo upande wake wa mbele na kubandikwa kwenye mlingoti. Chombo kilichokuwa kikienda kwa kasi husimama, huanza kurudi nyuma, na upepo ukiwa mkali mlingoti huweza kuvunjika. Mtu anayesema "I was taken aback" anasema kwamba jambo alilolisikia lilimsimamisha hivyo hivyo, katikati ya mwendo wake. Kiswahili kina "kupigwa na butwaa", nami sioni tafsiri iliyo bora kuliko hiyo, ijapokuwa katika habari nyepesi "alishtuka" linatosha.

Katika "three sheets to the wind" kosa la kawaida ni kudhani kwamba "sheet" ni tanga, au mbaya zaidi, kwamba ni shuka. Katika lugha ya mabaharia Waingereza neno hilo ni jina la kamba, na kamba yenyewe ndiyo demani yetu, ile inayoshika pembe ya chini ya tanga. Demani ikifunguka, tanga hupepea ovyo na chombo hukosa nguvu ya kujiongoza. Demani tatu zikifunguka pamoja, chombo hupepesuka huku na huko, na hivyo ndivyo anavyotembea mtu aliyelewa chakari. Nahau hii imo katika kitabu cha Kiingereza cha mwaka 1821 kuhusu maisha ya London, na wakati huo ilikuwa ikisemwa "in the wind" badala ya "to the wind". Wasemaji wake walikuwa pia na vipimo, kwa kuwa aliyechangamka kidogo tu alisemwa kuwa na demani moja upeponi.

Kuhusu "the bitter end" kuna njia mbili zinazokutana, na kwa maoni yangu zote mbili zina haki. Kapteni John Smith, yule anayejulikana katika historia ya koloni la Virginia, alieleza katika kitabu chake cha lugha ya bahari cha mwaka 1627 kwamba ncha ya amari inayobaki ndani ya chombo, pale inapozungushwa kwenye nguzo fupi za sitahani zinazoitwa "bitts", ndiyo inayoitwa "bitter's end". Amari ikiachiwa mpaka hapo, hakuna tena kamba ya kuongeza. Hata hivyo, Waingereza walikuwa pia wakisoma katika Biblia yao ya mwaka 1611 maneno ambayo sisi tunayasoma katika Mithali 5:4, "Lakini mwisho wake ni mchungu kuliko pakanga", na neno "bitter" kwa mtu wa kawaida ni uchungu. Nahau ya leo imebeba yote mawili, kwa maana ya kuendelea mpaka pasipo na pa kuendelea, hata kama huko mwisho ni kuchungu. Nikikuta mwanasiasa ameapa kupigana "to the bitter end", mimi huandika "hadi mwisho kabisa, liwalo na liwe".

"In the offing" ni rahisi ukisimama ufukweni. "Offing" ni ile sehemu ya bahari inayoonekana kutoka nchi kavu lakini iko mbali kuliko mahali vyombo vinapotia nanga. Meli iliyoonekana hapo haijafika, ila hakuna anayetilia shaka kwamba inakuja. Kwa hiyo makubaliano yako "yanakaribia" au "yananukia", nawe umefanya vyema kuuamini muktadha kuliko lile neno "off".

Nimeiacha "loose cannon" mwisho kwa makusudi, kwa sababu wafasiri wengi huipunguza nguvu. Mzinga mkubwa wa merikebu ya vita ulizidi uzito wa tani 2, nao ulikaa juu ya magurudumu na kufungwa kwa kamba nene ili urudi nyuma kwa kiasi tu unapopigwa. Ukikatika kamba wakati wa mawimbi, unabingirika kutoka ubavu mmoja wa chombo hadi mwingine ukiwaponda watu na kuvunja mbao. Mfaransa Victor Hugo alieleza tukio la namna hiyo kwa urefu katika riwaya yake ya mwaka 1874 inayohusu mwaka 1793, na riwaya hiyo ilichangia sana kuieneza picha hii. Jambo la kushika hapa ni kwamba mzinga ule hauwaumizi maadui. Unawaumiza walio ndani ya chombo kile kile. Waziri anayeitwa "loose cannon" si mkali tu wala si mropokaji tu. Ni mtu asiyetabirika ambaye serikali yake mwenyewe inaogopa atakalolisema kesho. Usiandike "mzinga uliolegea", maana msomaji wetu hataona chochote. Andika wazi kwamba "hatabiriki, na anaweza kuwadhuru hata wa upande wake".

Msomaji wa Kamusi, Nairobi, anajibu:

Namshukuru mzee wetu wa Unguja kwa maelezo hayo, nami nitajibu sehemu ya pili ya swali, ile ya masimulizi ya kuaminika na yasiyoaminika. Kanuni ninayoitumia ni kutafuta tarehe ya maandishi ya zamani kabisa yenye nahau hiyo, kisha kuuliza kama maandishi hayo yanakubaliana na hadithi inayosimuliwa. Hadithi nyingi tamu zinaanguka hapo hapo.

Mfano mkubwa ni ile ya tumbili wa shaba. Waingereza husema katika baridi kali kwamba hali ya hewa inaweza kumgandisha "brass monkey" mpaka apoteze kiungo fulani, ambacho katika usemi wa siku hizi ni cha siri na hakifai kutajwa mbele ya wazazi. Mtandaoni utaambiwa kwamba "brass monkey" lilikuwa jina la sinia la shaba lililopangiwa marisau makubwa ya mizinga, na kwamba baridi ililifanya sinia lisinyae mpaka marisau yakaporomoka. Habari hii haina ushahidi wowote. Jeshi la wanamaji la Uingereza liliweka marisau yake kwenye mbao zilizotobolewa mashimo, na hakuna nahodha ambaye angepanga milundo ya vyuma vizito juu ya sitaha inayoyumba. Zaidi ya hayo, mwandishi Mmarekani Herman Melville katika kitabu chake cha mwaka 1847 alizungumzia joto lenye nguvu ya kuyeyusha pua ya tumbili wa shaba. Kama kipimo kilikuwa joto na kiungo kilikuwa pua, basi tumbili huyo alikuwa sanamu ya tumbili, na sinia halina nafasi katika habari hii.

Vivyo hivyo kwa neno "posh", lenye maana ya kitu cha kifahari. Hadithi inayopendwa inasema kwamba ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza "port out, starboard home" yaliyopigwa muhuri kwenye tiketi za abiria matajiri wa kampuni ya meli ya P&O waliokuwa wakisafiri kati ya Uingereza na India, ili wapewe vyumba vya upande wa kushoto wakati wa kwenda na wa kulia wakati wa kurudi, wasichomwe na jua. Hakuna tiketi hata moja yenye muhuri huo iliyopatikana, na neno lenyewe lilikwisha kuandikwa katika misimu ya karne ya 19, mara likimaanisha fedha, mara likimaanisha mtu mtanashati.

Kuhusu "between the devil and the deep blue sea", uliyoiulizia, utasoma kwamba "devil" ni jina la mshono mmoja kati ya mbao za merikebu, na kwamba baharia aliyetumwa kuukalafati, yaani kuuziba usivuje, alining'inia baina yake na maji. Ni kweli kwamba mabaharia waliwahi kuuita mshono huo hivyo. Lakini maandishi ya mapema yenye usemi huu ni ya Robert Monro, askari Mskoti aliyepigana nchi kavu katika jeshi la Sweden wakati wa Vita vya Miaka Thelathini, ambaye katika kumbukumbu zake za mwaka 1637 alieleza kwamba kikosi chake kilikuwa baina ya shetani na kilindi cha bahari, kwa kuwa walikuwa wakipigwa na adui na wakati huo huo na mizinga ya rafiki zao. Shetani wake alikuwa shetani hasa. Maana ni kukosa pa kukimbilia, na Kiswahili kinaweza kusema hivyo bila kutafuta mapambo.

Ipo pia "turn a blind eye", yaani kulifumbia macho jambo. Husimuliwa kwamba Admirali Nelson wa Uingereza, aliyepoteza nuru ya jicho la kulia huko Corsica mwaka 1794, aliliwekea darubini jicho hilo katika vita vya Copenhagen vya tarehe 2 Aprili 1801 ili asiione ishara ya mkubwa wake, Hyde Parker, iliyomtaka aache kupigana. Kwamba hakuitii ishara ni historia. Habari ya darubini ningeiandika kwa neno "husimuliwa" kama nilivyofanya hapa.

Wakala wa Forodha, Mombasa, anajibu:

Wenzangu wamemaliza mambo ya asili, kwa hiyo mimi nitaongeza jambo moja la matumizi, kutokana na barua tunazopokea kila siku kazini. Mfasiri wa barua za bandarini anapaswa kwanza kujiuliza kama maneno yaliyo mbele yake ni nahau au ni habari ya meli halisi. Mtu akiandika kwamba mfanyakazi "jumped ship", katika barua ya kampuni ya fedha maana yake ni kwamba ameacha kazi na kwenda kwa washindani, lakini katika barua ya nahodha kwa wakala wake maana yake ni kwamba baharia ametoroka melini na idara ya uhamiaji inapaswa kuarifiwa mara moja. Ukichanganya mawili hayo unaweza kumletea mtu hasara kubwa. Hali ni hiyo hiyo kwa "berth", ambalo kwetu ni gati, ilhali "give him a wide berth" ni kukaa mbali na mtu.

Kuhusu adabu, "by and large" inafaa katika barua yoyote rasmi, na "in the offing" pia haina ubaya. "Three sheets to the wind" ni maneno ya barazani, na hayafai katika ripoti. "Pipe down", ambayo ilikuwa ishara ya filimbi ya serahangi (msimamizi wa mabaharia) ya kuwaruhusu mabaharia waende kulala, leo ni amri ya ukali ya kumwambia mtu anyamaze, na usimwambie mtu aliyekuzidi umri. "Loose cannon" nisingeiandika kamwe juu ya mtu ninayefanya naye kazi, kwa kuwa barua huhifadhiwa.

Mfasiri wa Makorora, Tanga, anauliza tena:

Ninawashukuru nyote kwa dhati, na hasa kwa habari ya mzinga unaowaumiza wa ndani, kwa sababu imebadilisha kabisa aya niliyokuwa ninaifanyia kazi. Nimebakiwa na mambo mawili. Je, nahau zetu wenyewe za bahari, kama "kwenda mrama", zinaweza kusimama mahali pa hizi za Kiingereza, au ni kumpa msomaji picha ambayo mwandishi hakuikusudia? Na ni nini "slush fund", ambayo nimeambiwa kwamba nayo ilitoka merikebuni, ijapokuwa ninaikuta katika habari za rushwa tu?

Mwana wa Nahodha, Unguja, anajibu:

Zinaweza, lakini kwa kuangalia. "Kwenda mrama" ni chombo kulala ubavu huu na ule, na sote tunaitumia kwa mambo yaliyoharibika. Kiingereza kina kinyume chake kamili, "on an even keel", yaani chombo kilichosimama wima juu ya mkuku wake (uti wa chini wa chombo) bila kuyumba. Mwandishi akisema kwamba uchumi umerudi "on an even keel", unaweza kuandika kwamba "uchumi hauendi tena mrama", na picha inabaki ile ile ya chombo majini. Lipo pia neno "aloof", la mtu anayejitenga na wenzake, ambalo asili yake ni amri ya kukipeleka chombo joshi ili kikae mbali na pwani ya hatari. Hapo msaada wa Kiswahili cha bahari umekwisha, kwa sababu kwetu kupanda joshi hakuna maana ya kujitenga, nawe huna budi kusema wazi.

Pia uwafikirie wasomaji wa bara. Methali yetu ya "kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" inaeleweka Makorora na Malindi, lakini msomaji wa Tabora asiyejua kwamba tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni pale chini maji yanapokusanyika na kutekwa ataisoma kama vile wewe ulivyosoma "by and large". Usitoe fumbo la Kiingereza ukaweka fumbo la Kiswahili.

Msomaji wa Kamusi, Nairobi, anajibu:

"Slush" ilikuwa shahamu iliyoelea juu ya maji mpishi wa merikebu alipochemsha nyama ya chumvi ya mapipani. Sehemu yake ilipakwa kwenye milingoti ili kamba na foromali (boriti za kutungikia matanga) ziteleze, na iliyosalia ilikusanywa na kuuzwa bandarini kwa watengenezaji wa mishumaa na wengineo. Fedha zilizopatikana hazikuwamo katika hesabu rasmi za chombo, nazo zilitumika kuwanunulia mabaharia vitu vidogo vya kuwafariji. Jina "slush fund" kwa mfuko huo lilikwisha kuchapishwa Marekani mwaka 1839, na katika nusu ya pili ya karne hiyo wanasiasa wa huko walianza kulitumia kwa fedha zilizowekwa kando ya hesabu ili kuwahonga watu au kugharimia kampeni kwa siri. Kilichobaki kutoka merikebuni ni ule mfuko ulio nje ya vitabu, shahamu imesahauliwa.

Kwa hiyo, mwalimu wetu wa tafsiri, angalia makala yako inadai nini. Kama imethibitisha kwamba fedha zilitumika kununua watu, andika "fedha za siri za hongo". Kama inasema tu kwamba palikuwa na fedha zisizoonekana katika hesabu, bila kueleza zilikwenda wapi, "mfuko wa siri" linatosha, na neno "hongo" usiliweke, kwa kuwa utakuwa umemshtaki mtu kwa jambo ambalo mwandishi mwenyewe hakulisema.